Shangingi Lisilopata Homa

Harufu ilinifikia kabla ya mlio. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya mjomba wangu Masanja, Kasansa, mchana wa siku tuliyomzika, na upepo ulikuwa unatoka upande wa barabara. Ilikuwa harufu ya petroli mbichi, petroli iliyopita kwenye injini bila kuungua vizuri ikatoka na moshi mweusi, ile inayokaa kooni kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mama alikuwa pembeni yangu. Aliinua uso, akavuta pua mara moja, akarudi kuutazama mkeka. Hatukuhitaji kuambiwa nani anakuja. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto wangu, lakini harufu ile ilinirudisha Shanwe, kwenye ua wa Baba Mkubwa, nikiwa na pengo la meno ya mbele na gauni lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Alikuja Katavi na ng'ombe kutoka Usukumani, ng'ombe wakazaana, naye akawa mtu wa kuitwa mzee kabla ya nywele kumruhusu. Kitu alichokijua duniani kilikuwa ng'ombe. Simdharau kwa hilo, ng'ombe aliwajua kweli. Ninamdharau kwa sababu alidhani kila kitu kingine duniani ni ng'ombe, wakiwemo watu.

Baba alipofariki, mimi na mama tulihamia kwake. Tulipewa chumba cha mwisho, kile kilichopakana na ghala, ambacho panya walikuwa wakikitumia kama njia. Mjomba Masanja, mdogo wake mama, alikuja baada yetu. Alikuwa amejifunza udereva kwenye lori la tumbaku, na alikuja kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa amenunua gari na hakuwa na mtu wa kuliendesha.

Gari lenyewe lilikuwa shangingi la zamani, jeupe, lenye mistari ya nembo iliyokwanguliwa milangoni, lililonunuliwa kwenye mnada wa mradi fulani uliofungwa. Aliuza sehemu ya zizi ili kulipata. Mtaa mzima ulikuja kulitazama, na wanaume wazima, watu wenye wake na mashamba, walisimama kwa zamu kupiga teke matairi na kutikisa vichwa, kana kwamba tairi linasema kitu. Mimi nililipenda gari lile. Lazima niseme, kwa sababu ni kweli. Viti vyake vilikuwa na harufu ya vumbi tamu, na kwenye dashibodi kulikuwa na mishale midogo ya rangi ya machungwa iliyoamka ufunguo ulipozungushwa.

Baba Mkubwa alikuwa na desturi ya kila alfajiri ya kupita zizini akiwashika ng'ombe masikio. Sikio la moto, ng'ombe ana homa, pengine ndigana imeingia, na ndigana ilishamwulia ndama wengi. Sikio la baridi, ng'ombe mzima. Watu walimsifu kwa kiganja chake kile. Basi siku gari lilipofika kutoka mnadani, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa haraka. Akamwuliza Mjomba mbona lina moto. Mjomba akamwambia injini ikifanya kazi lazima ipate moto, na akamwonyesha mshale wa joto uliokuwa umesimama katikati, si juu wala chini, mahali pake. Baba Mkubwa akautazama kama mtu anayetazama jipu.

"Nusu ya homa ni homa," akasema.

Waliokuwepo walicheka kwa heshima, wakalirudia neno lile barazani kwa siku kadhaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwenye ng'ombe wengi akikohoa, wengine husafisha koo.

Alimpeleka Mjomba na gari kwa fundi mmoja wa Shanwe, naye mwenyewe akaenda, na mimi nikaenda kwa sababu hakuna aliyenizuia. Fundi yule alikuwa mtu wa kukubaliana na anayelipa. Baba Mkubwa alimwambia anataka gari lisilopata moto. Fundi hakuuliza swali hata moja. Alifungua bomba moja nene karibu na injini, maji ya kijani yakamwagika mchangani, akachomoa kidude cha shaba kama kikombe kidogo chenye springi, akakirusha chini. Akasema hicho ni themostati, kimewekwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, huku kwetu jua linatosha, kinazuia maji bure. Nimeishi na kusikia mafundi wengine wengi wakisema maneno hayohayo, kwa uhakika uleule, wakifuta mikono kwa tambara lilelile. Sijui walifundishwa wapi. Huenda uongo nao una chuo chake.

Gari likarudi nyumbani, na tangu siku ile mshale wa joto ukalala chini kabisa, haukuinuka tena. Baba Mkubwa aliweka kiganja kwenye boneti, akatabasamu. Mgonjwa alikuwa amepona. Mimi nikaanza kumwiga. Kila Mjomba aliporudi safari, nilikimbia kuweka kiganja changu pale, kisha nilitangaza kwa sauti kwamba limepoa, na Baba Mkubwa alinisifu kuwa nina mkono wa ukoo. Niliamini gari limelala usingizi mzuri hata linapokimbia. Niliamini mshale ule ni kama mbwa aliyeshiba.

Lakini lilianza kunywa mafuta. Sikuwa na akili ya kupima, ila nilisikia. Safari ya Karema kufuata dagaa, ambayo zamani tangi moja liliitosha kwenda na kurudi, sasa ilidai dumu la akiba. Moshi ukawa mweusi, bomba la nyuma likashika masizi ya kuchafua gauni, na harufu ile ya petroli mbichi ikahamia kwenye viti, kwenye nguo za Mjomba, kwenye magunia ya dagaa. Mtu mwenye akili angejiuliza gari limebadilika nini. Baba Mkubwa alijiuliza nani anaiba. Kwa mfugaji, maziwa yakipungua na ng'ombe haumwi, mchungaji anakamua porini. Na gari lake haliumwi, kiganja kimethibitisha. Basi mchungaji.

Hapo ndipo alipoanza kunusa mikono. Kila jioni Mjomba alipoegesha gari uani, Baba Mkubwa aliketi kwenye kiti chake cha kamba, akamwita, naye akaja akanyoosha mikono yote miwili. Baba Mkubwa akaishika, akaivuta hadi puani, akanusa kiganja, akageuza, akanusa na upande wa pili, mbele ya wake zake, mbele yetu watoto, mbele ya mgeni kama alikuwepo.

"Mikono yako inanuka petroli, Masanja."

"Nimetoka kujaza gari, shemeji."

Ni maneno hayo tu, jioni hadi jioni. Na mimi, kwa ujinga wangu wa pengo la meno, niliona ni upendo. Nilikuwa nimeona mama akimnusa mtoto mchanga wa jirani kichwani huku amefumba macho, nikajua kunusa ni jambo wanalofanyiwa wanaopendwa. Niliona wivu. Jioni moja nilipanga foleni nyuma ya Mjomba nikanyoosha mikono yangu nami ninuswe. Wanawake wakaangua kicheko. Baba Mkubwa akaninusa, akasema ninanuka maharage. Mjomba ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na nilipoielewa nilikuwa nimeshaolewa.

Sitamfanya malaika. Mjomba Masanja alikuwa mwanamume wa kawaida. Alikunywa pombe ya mtama siku za Jumapili na akaimba vibaya, alikuwa na deni la maneno kwa msichana mmoja wa Majengo aliyemwahidi ndoa na kumwacha, na alikuwa mvivu wa kuoga wakati wa kiangazi. Lakini hakuiba. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani ni kwamba mtu akimpa gari, gari linarudi na kilichokuwemo. Dereva hana shamba wala zizi. Ana jina, na jina likiharibika hakuna atakayempa ufunguo mwingine.

Kidude cha shaba nilikuwa nimekiokota siku ile kwa fundi, kikawa chungu changu kwenye mchezo wa kupikapika. Siku moja mama alichemsha maji ya ugali, nami nikakitumbukiza kwenye sufuria ili nacho kiive. Nilichungulia. Maji yalipotokota, kidude kilifumbua. Katikati yake kipande kilisogea polepole, taratibu kama kope, pakawa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilipiga ukelele. Mama akakitoa kwa mwiko, akakitupa chini akinikaripia, na pale kwenye udongo, kikipoa, kikajifunga tena.

Nikajua kiko hai. Nilifikiri ni mdudu wa ziwani, wa ukoo wa konokono, aliyejificha ndani ya gari kwa ajili ya joto, na fundi alikuwa amemtoa nyumbani kwake. Nikamhurumia sana. Mjomba aliporudi nilimpeleka jikoni nimwonyeshe mnyama wangu. Nilidhani atacheka. Alichuchumaa mbele ya sufuria, akakitazama kikifumbua, akakitoa, akasubiri kifumbe, akakirudisha. Alirudia mpaka mama akalalamika kuhusu mkaa.

"Huyu si mnyama," akaniambia. "Huu ni mlango. Unafunga maji mpaka injini ipate moto, halafu unafungua."

"Na ukitolewa?"

"Injini inalala nje na baridi. Na mwenye baridi anakula sana."

Hakuwa na hakika. Alisema hivyo kama mtu anayepapasa gizani na kushika kitu chenye umbo la kitasa. Miaka mingi baadaye nilikaa juu ya tairi gereji, gari dogo la mume wangu limefunguliwa, nikaelezwa jambo lilelile: injini isipopata joto lake hujidhani bado inawashwa asubuhi, hujiongezea mafuta na kuyatema nusu. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaelezwa jikoni.

Mjomba alikwenda kwa Baba Mkubwa jioni hiyohiyo na kidude mkononi. Nilikuwepo. Alieleza kwa adabu, akiwa amesimama, akasema kirudishwe tu kwa majaribio, na mafuta yakiendelea kupotea basi atakubali lolote. Baba Mkubwa alisikiliza huku akichokonoa meno kwa kijiti. Mjomba alipomaliza, Baba Mkubwa akakichukua kidude, akakigeuzageuza, akauliza wanaume waliokuwa pale kama wamewahi kuona mwizi anayemwuguza mwenye mali ili amwibie vizuri. Wakacheka. Akasimama, akatembea mpaka chooni nyuma ya ghala, akakidondosha shimoni. Tulisikia kikigonga ukuta wa shimo mara moja. Kiko huko hadi leo, na ndicho kitu chenye akili kuliko vyote vilivyopata kukaa katika ua ule.

Nililia kwa ajili ya mnyama wangu.

Baada ya hapo likaja jambo la boksi. Kulikuwa na safari ya kwenda huku Kasansa, ambako Baba Mkubwa alikuwa na ng'ombe wengine kwa mtunzaji, na safari hii alisema ataenda mwenyewe, amwone huyo mwizi akifanya kazi. Mama alipelekwa ili apike, mimi nikaenda kwa sababu mama alienda. Asubuhi, kabla Baba Mkubwa hajatoka ndani, nilimwona Mjomba akikata boksi la sabuni kwa kisu na kulichomeka mbele ya rejeta, nyuma ya ule wavu wa mbele, akifunika nusu ya chini. Aliniona nikimtazama. Akasema analivalisha gari sweta. Nikaona ni jambo la haki kabisa.

Kwenda, Baba Mkubwa alikaa kiti cha nyuma, kama wanavyokaa wakubwa, akitoa mkono dirishani kuwapungia watu asiowajua. Nilikaa mbele katikati ya mama na Mjomba. Tulipovuka Sitalike tukafunga vioo kwa ajili ya mbung'o wa hifadhini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna harufu. Ndani ya gari lililofungwa vioo, hakukuwa na petroli, ila jasho na mafuta ya nazi ya mama. Nikatazama mishale. Ule wa joto ulikuwa umeinuka, umesimama katikati. Nikamtazama Mjomba. Akanikonyeza. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya kimya kama ile. Alikuwa akiendesha kwa vidole, kama anayempeleka bibi arusi.

Tulilala Kasansa, tukageuza kesho yake. Hatukuongeza mafuta. Dumu la akiba lilibaki limejaa, limefungwa kwa kamba kule nyuma, na Baba Mkubwa aliligonga kwa fimbo alisikilize. Kurudi, magunia ya mpunga yalijaza kiti cha nyuma, ikabidi Baba Mkubwa akae mbele, mama na mimi tukakaa juu ya magunia. Na katikati ya hifadhi, mahali ambapo hata tembo hawasimami bila sababu, akauona mshale.

Akaamuru gari lisimame. Mjomba akamwomba wavuke kwanza hifadhi, kuna mbung'o. Baba Mkubwa akashika mlango. Tukasimama. Akashuka, boneti ikafunguliwa, na mbung'o wakaja kama walioalikwa. Mama alinifunika kwa kanga. Kupitia kanga nilimwona mzee yule aliyesifiwa wilaya nzima akijipiga makofi shingoni, kichwani, mapajani, akiruka mguu huu na huu, akitukana wadudu kwa Kisukuma, huku mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania boneti ya moto na kuungua. Kisha akaliona boksi. Akalichomoa. Akalishika juu kama anayeonyesha kichwa cha nyoka.

"Kumbe unaliua gari langu," akasema. "Unalifunga pua lisipumue."

Mjomba akasema, "Shemeji, angalia mafuta. Angalia tu mshale wa mafuta."

Na Baba Mkubwa akaangalia. Hilo ndilo ninalotaka watu wa rika langu walielewe. Aliangalia. Aliona kwamba tumekwenda Kasansa na tunarudi, na tangi lina mafuta ambayo halikuwahi kubaki nayo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, limeandikwa na mshale wa rangi ya machungwa ambao hata mtoto aliuelewa. Akapanda garini, akafungua kioo, akalitupa boksi msituni.

Shauri lilifanyika barazani siku iliyofuata. Waliitwa wanaume wale wapiga teke matairi. Baba Mkubwa akasimama akaeleza kwa ufasaha mkubwa, maana ufasaha alikuwa nao. Alisema kwa muda mrefu mafuta yake yalikuwa yakipotea. Alisema alipopanda mwenyewe garini, yakaacha kupotea. Kisha akakaa. Wakatazamana wakatikisa vichwa, yule akiona mwenzake ametikisa na yeye akatikisa. Mmoja akasema ushahidi umekamilika. Ile siku moja ambayo Mjomba aliweza kuonyesha kwamba haibi ndiyo siku iliyomfanya mwizi. Nilikuwa nimekaa na mama nyuma ya mlango, na hakuna aliyetaka kujua mtoto wa kike ameona nini kwenye mishale.

Mjomba aliambiwa aombe msamaha, ataruhusiwa kubaki kama mchunga ng'ombe. Mama alimvuta pembeni, akamshika shati, akambembeleza kwa sauti ya chini kwamba aombe tu, yaishe, tutalala wapi sisi. Mama hakuwa na hakika naye. Hilo limemtafuna tangu wakati ule, na ameniambia mwenyewe, kwa hiyo simsengenyi. Mjomba alimtoa mkono kwenye shati taratibu.

"Dada, nikiomba msamaha nitakuwa nimeiba," akasema.

Akaondoka na mfuko mmoja. Hakuendesha tena gari maishani mwake. Alijaribu, aliuliza kwa wenye malori, kwa wanaopeleka watu Inyonga na Karema, na kila alipofika, neno lilikuwa limeshafika kwa miguu yenye kasi kuliko yake. Masanja mwizi wa mafuta. Akaja huku Kasansa akalima mpunga, akaoa, akapata watoto. Nilipokuwa nikimtembelea, gari likipita barabarani alikuwa akiinamisha kichwa, si kwa aibu, alikuwa anasikiliza injini. Alikuwa akisema hii imetolewa mlango, au hii iko sawa. Hiyo ndiyo kazi ya udereva aliyobaki nayo.

Na kule Shanwe, shangingi alipewa Shija, mtoto wa Baba Mkubwa. Likaendelea kunywa vilevile. Safari ya Karema, dumu la akiba. Masizi yaleyale, harufu ileile. Nilisubiri. Nilikuwa mtoto na niliamini kwamba sasa, kwa kuwa mwizi ameondoka na mafuta bado yanaondoka, watu wazima watakaa barazani tena na kumtuma mtu akamwite Mjomba. Kila jioni Shija aliegesha gari, na nilikaa mahali pa kuona. Hakuna aliyenusa mikono ya Shija. Baba Mkubwa alianza kusema, kwa fahari, kwamba gari la mtu mkubwa lazima linywe, na kwamba gari linalokunywa kidogo ni la walimu. Wapiga teke matairi wakakubali. Badiliko lilikuwa moja tu: dumu la akiba hakumwachia tena mtu yeyote, alimimina mwenyewe. Nadhani nilikua siku hiyo, niliposikia lile la walimu na kicheko kilichofuata. Wengine hukua kwa kufiwa. Mimi nilikua kwa kuwasikiliza watu hawa wakicheka.

Basi ndilo gari lililokuja msibani. Lilisimama karibu na mikeka, jeupe lililogeuka rangi ya jino bovu, likatema moshi wa mwisho. Shija akashuka, mnene sasa, akaja akamfungulia babaye mlango. Wazee wakainuka. Kwanza Baba Mkubwa akapewa nafasi ya kusema neno, maana hata mahali asipopendwa mtu wa namna yake hupewa nafasi. Akasimama akishikilia fimbo. Akasema Masanja alikuwa kijana wake, alimlea, na kama kulikuwa na kosa la ujana, yeye alishamsamehe zamani. Akarudia, alishamsamehe. Watu wakaguna kwa kumsifu. Mjane wa Mjomba akatazama chini. Watoto wa Mjomba, ambao hawakujua baba yao alikuwa na kitu cha kusamehewa, wakatazamana.

Mimi si mtu wa kuongea misibani, wala kulia kwa sauti. Nilisikia Shija akiwaeleza vijana pale garini, akicheka kidogo kama inavyoruhusiwa, kwamba wametoka Mpanda tangi limejaa, wakafika Usevya wakakuta limekauka, ikabidi mzee ashuke kumimina dumu. "Hili jamani linakunywa," akasema. "Nyie acheni tu."

Nilisimama. Nilipita kwenye gari kwanza, nikaweka kiganja juu ya boneti, kwa kuwa mkono una kumbukumbu zake. Lilikuwa limetoka kukimbia kutoka Mpanda kwenye jua lote lile, na boneti ilikuwa na uvuguvugu tu, kama sikio la ng'ombe mzima. Nikaenda alipokaa Baba Mkubwa. Nikapiga goti kama inavyonipasa. Akafurahi, akanyoosha mikono yote miwili niipokee kwa salamu. Nikaipokea. Ilikuwa myepesi, imekuwa mikono ya mzee. Sikuiachia. Nikaivuta mpaka puani, nikanusa kiganja, nikageuza, nikanusa na upande wa pili. Nilimsikia mama akivuta pumzi.

"Baba Mkubwa," nikasema, "mikono yako inanuka petroli."

Alinitazama. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata mjinga analijua:

"Nimetoka kujaza gari."

"Ndivyo alivyokuwa akikwambia," nikasema, nikamrudishia mikono yake.